Sabuni Iliyogoma Pipani

Kila Jumatano na Ijumaa, kengele ya saa nane ilipolia, wanafunzi wa Darasa la Sita walivua viatu, wale waliokuwa navyo, wakaelekea kwenye banda la sabuni nyuma ya shule. Wenzao wa Darasa la Saba walikwenda shambani kupalilia mihogo. Ndivyo ilivyokuwa ratiba ya kujitegemea katika shule moja ya msingi huko Temeke, mwaka 1980, vita vya Kagera vilipokuwa vimekwisha na madukani hakuna kitu. Ukiuliza sabuni unaambiwa njoo kesho. Ukiuliza mafuta ya kupikia unatazamwa tu.

Bandani palikuwa na pipa moja kubwa lililokaa juu ya mafiga ya matofali. Mwalimu Revelian, mtu wa Bukoba aliyefundisha sayansi, ndiye peke yake aliyeruhusiwa kugusa kostiki, ile dawa kali inayounguza ngozi. Aliichanganya na maji tangu asubuhi, akaimimina juu ya mafuta ya ng'ombe yaliyoletwa kutoka machinjioni, kisha akawasha moto. Kazi iliyobaki ilikuwa ya wanafunzi, nayo ni kukoroga mpaka kostiki na mafuta vigeuke kitu kimoja.

Mkorogaji mkuu alikuwa Mwanakombo Jamali, msichana wa miaka kumi na mitatu. Mikono yake ilizoea mchi, kwa sababu mama yake, Mwajabu, alitwanga mihogo mikavu na kuuza unga wake sokoni. Mwanakombo aliijua sabuni kwa macho. Aliinua mwiko juu, akaangalia inavyoshuka. Ikishuka kama utepe mpana na laini, ukajilaza juu ya utepe wa chini yake na kuteleza, basi imeiva.

Ijumaa moja sabuni ilikuwa na kazi maalumu. Kipindupindu kilikuwa kimeingia katika mitaa ya bondeni, na Bwana Afya alikuja shuleni kuomba vipande mia mbili kwa ajili ya zahanati. Angevichukua Jumatatu saa tisa. Mwalimu Revelian alimpa ahadi mbele ya shule nzima.

Siku hiyo, sabuni ilipokaribia kuiva, mwalimu mkuu alimwita Mwalimu Revelian ofisini.

"Mwanakombo, nenda stoo ukalete kalibu," alisema Mwalimu Revelian akiondoka. Kalibu zilikuwa visanduku vya mbao vya kumiminia sabuni. "Filomena, shika mwiko mpaka arudi. Na safari hii uwe macho."

Filomena alikuwa msichana mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Muhula uliopita alisahau kukoroga, sabuni ikaungua chini, na mwalimu akamwambia kwamba akikosea tena atatolewa bandani. Aliushika mwiko kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

Mwanakombo aliporudi na kalibu kichwani, alimkuta Filomena anatua ndoo tupu.

"Umefanya nini?"

"Ilikuwa inakauka pembeni," alijibu Filomena. "Nimeongeza maji kidogo."

"Ndoo nzima ndiyo kidogo?"

"Maji si yatailegeza tu? Koroga."

Mwanakombo alikoroga. Mwanzoni hakuona tofauti. Halafu ule utepe ukaanza kukatika. Sabuni ikajikusanya mabonge mabonge, ikashika mwiko, ikawa nzito kuliko ugali wa shughuli. Alikoroga mpaka mabega yakamwuma. Ilipopita robo saa aliuachia mwiko, nao ukabaki umesimama wima katikati ya pipa bila mtu kuushika.

Mwalimu Revelian aliporudi alisimama mlangoni, akautazama ule mwiko.

"Umetia nini humu?" alimwuliza Mwanakombo.

"Maji, mwalimu. Filomena aliongeza ndoo ya maji nilipokwenda stoo."

Mwalimu akamgeukia Filomena. Filomena alitazama vidole vya miguu yake.

"Mie sijatia kitu, mwalimu."

"Nilikuta ndoo mkononi mwake," alisema Mwanakombo. "Mwalimu, ni maji."

"Maji," alirudia Mwalimu Revelian polepole. "Uji ukiwa mzito nyumbani kwenu, mama yako anaongeza nini?"

"Maji, mwalimu."

"Unakuwaje?"

"Mwepesi."

"Basi usinifanye mjinga."

Hapo Romani, mvulana aliyependa kuchekesha watu, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, mama yake anauza unga wa muhogo." Wengine wakacheka.

Mwalimu hakucheka. Alichota kidogo, akakisugua katikati ya vidole. Kilinata kama kinyunya. Ungeona alivyokuwa anapiga hesabu yake kimoyomoyo: mafuta hakuna madukani, unga uko kwao, na huyu ndiye anayeshika mwiko kila siku.

"Mafuta yamekwenda nyumbani, unga umekuja hapa," alisema. "Ndivyo?"

Hasira ilimpanda Mwanakombo mpaka masikio yakavuma. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, yote yakagombania kutoka kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja lililotoka. Mwalimu aliona kimya hicho akakichukua kuwa jibu.

"Kuanzia leo usitie mguu bandani," alisema. "Utampelekea mama yako barua."

Alipokuwa anatoka getini na barua ile mkononi, kuna aliyemwita kwa sauti, "Bi Unga." Hakugeuka kumtazama ni nani. Alijua akigeuka atampiga.

Mama Mwajabu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika kisomo cha watu wazima. Aliisoma barua ile kwa sauti, neno kwa neno, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika kwenye neno "wizi" alilirudia mara mbili, kama aliyedhani amelikosea. Kisha akaikunja barua, akaiweka chini ya kinu.

"Nitazame," alisema. "Umechukua mafuta ya shule?"

"Hapana, mama."

"Umechukua unga wangu?"

"Hapana."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Mwanakombo hakushusha macho.

"Wiki ya pili hii nachemsha mchicha kwa chumvi," alisema mama. "Angekuja huyo mwalimu akanusa sufuria yangu kabla hajaniandikia hayo." Aliinuka, akajifunga kanga kiunoni. "Twende. Leo atanisomea mwenyewe barua yake."

Mwanakombo alimshika mkono. "Mama, ukienda mtagombana, halafu sabuni itabaki vilevile. Watasema mama naye mkali kwa kuwa ana hatia."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kujua kwa nini imekuwa vile. Mie niliona maji, mama. Niliyaona. Lakini hata mie sielewi."

Kesho yake asubuhi Mwanakombo alikwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, na maji yalitoka uzi kwa uzi. Filomena alikuwa mbele. Alikuwa ndiyo kwanza amejaza debe lake baada ya kusubiri tangu alfajiri, anatafuta mtu wa kumtwika. Alipomwona Mwanakombo aligeuza uso upande.

Kule kugeuza uso ndiko kulikomaliza subira ya Mwanakombo. Alitoka kwenye foleni, akalipiga debe teke. Maji yote yakamwagika, yakatiririka hadi kwenye miguu ya watu.

"Haya, sema na hapa kwamba hakuna maji," alisema.

Filomena hakujibu. Aliokota debe, akarudi mkiani mwa foleni, akilia bila sauti.

"Wewe binti," aliita mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni. Alikuwa Mzee Gregori, jirani yao, aliyetoka Newala akiwa kijana na kufanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha sabuni kabla ya kustaafu. "Njoo hapa."

"Shikamoo, babu," alisema Mwanakombo kwa shingo upande.

"Marahaba. Mwenzio amekaa hapa tangu alfajiri. Kwao kuna wadogo watatu, na mtaani kuna kipindupindu. Hayo uliyomwaga ni maji ya kuwanawisha watoto wale. Amekufanya nini?"

Mwanakombo alimweleza yote, haraka haraka, akikata maneno. Alipofika kwenye mwiko uliosimama peke yake, mzee alinyanyua mkono kumsimamisha.

"Ilikuwa inashuka vizuri kabla ya hapo? Kama utepe?"

"Ndiyo."

"Ikaongezwa maji, ikashika?"

"Ndiyo, babu. Lakini mwalimu haniamini, anasema uji ukiongezwa maji unakuwa mwepesi."

"Hiyo kiwandani tuliiita sabuni ya kati," alisema Mzee Gregori. "Iko katikati ya ile laini na ile nyepesi. Sabuni laini ukiiongezea maji ya kiasi fulani, inagoma, inakuwa ngumu. Ukiyazidisha mno ndipo inalegea, inakuwa majimaji ya kufulia. Siku moja pipa zima liligoma hivyo, pipa kubwa kama nyumba. Tulilikoroga mpaka viganja vikachubuka."

Mwanakombo alimsogelea. "Kwa nini inakuwa hivyo?"

"Hilo sijui. Mie nilikuwa mkorogaji, kama wewe. Niliijua inavyofanya, sikuijua sababu. Waliokuwa maabara walijua, lakini hakuna aliyepoteza muda kutueleza sie." Alitabasamu, ila si kwa furaha. "Dawa yake ni maji ya chumvi. Moto mdogo, chumvi kidogo kidogo, unakoroga."

"Twende ukamwambie mwalimu."

"Nikamwambie nini? Naye ataniuliza habari za uji. Usimpelekee maneno, mpelekee sabuni."

Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu kwao kulikuwa na kipande kimoja tu. Kilitoka shuleni mwezi uliopita, na Mama Mwajabu alikifunga kwenye kitambaa, anakitoa kwa kunawa mikono tu, wakati wa kula na wakati wa kumtawaza mdogo wake Mwanakombo. Mwanakombo alipoomba, mama alikitoa kwenye kitambaa. Kisha akachukua kisu, akakikata katikati.

"Nusu hii ni ya mikono," alisema. "Hii nyingine ni ya jina langu. Usiichezee."

Jumapili Mwanakombo alikuna sehemu ya nusu ile, akaitia kwenye kopo la maziwa pamoja na maji kidogo, akaliweka juu ya jiko la mkaa. Mara ya kwanza alimwaga maji mengi kwa pupa, ikawa majimaji tupu, akalia kwa hasira. Mara ya pili alipima kwa kijiko. Alipokwenda kulala alikuwa anajua idadi ya vijiko kwa kichwa.

Jumatatu asubuhi yeye na mama yake walifika shuleni na jiko, kopo, chumvi na chupa ya maji. Mwalimu Revelian alikuwa bandani, amesimama mbele ya pipa. Macho yalikuwa mekundu. Alishajaribu kuikatakata sabuni ile kwa panga, na panga lilikuwa bado limenasa humo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mwanakombo.

"Marahaba. Nilikwambia usije hapa. Nenda darasani."

"Mwalimu, naomba robo saa."

"Sina robo saa. Bwana Afya anakuja saa tisa, na mimi sina cha kumpa."

Mama Mwajabu akasogea mbele. "Mwalimu, mie nimechelewa kujua kusoma, lakini barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Umeniita mwizi katika karatasi. Hukuja kwangu, hukuuliza, hukupima hata kibaba cha unga ndani ya pipa hili. Sasa mtoto amekuja kupima, nawe unamfukuza. Robo saa, mwalimu. Baada ya hapo unaweza kuandika barua nyingine."

Mwalimu alimtazama, akalitazama na lile panga. "Haya," alisema. "Waite wenzako."

Darasa zima lilijaa bandani. Mwanakombo alichuchumaa mbele ya jiko. Alisema kwa ukali, "Romani, njoo uone. Hii ni nini?"

Romani alisogea mbele kwa aibu. Alitazama kipande cha sabuni. "Sabuni ya hapa shuleni."

"Kuna unga?"

"Hakuna."

"Shika kijiko. Hesabu kwa sauti."

Mwanakombo alikuna sabuni yote iliyobaki, akaongeza vijiko viwili vya maji, akasubiri ipate moto. Ilipoyeyuka aliinua kijiti, nayo ikashuka kama utepe, laini. Wakorogaji wote waliujua utepe ule.

"Sasa maji," alisema.

"Kimoja," alihesabu Romani. Mwanakombo akakoroga. "Viwili." Akakoroga. Katika kijiko cha tatu utepe ulikatika. Katika cha nne sabuni ilikusanyika kuzunguka kijiti. Mwanakombo alikiachia, kikasimama wima. Kisha akalishika kopo kwa kitambaa na kuligeuza juu chini mbele ya uso wa mwalimu. Hakikudondoka kitu.

Mwanakombo alilirudisha kopo jikoni, akadondosha maji ya chumvi tone kwa tone, akakoroga muda mrefu kuliko alivyotaka. Watu wa nyuma walianza kunong'ona. Aliogopa kwamba safari hii itakataa. Halafu kijiti kikalegea, na alipokiinua, utepe ukashuka tena.

Mwalimu Revelian alinyoosha mkono, akalichukua kopo. Alikoroga mwenyewe. Aliinua, akatazama, akainua tena. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nani aliongeza maji siku ya Ijumaa?"

Mwanakombo hakumtazama Filomena; alimtazama mwalimu.

"Na yeye alimwaga maji yangu bombani," Filomena alisema ghafla, uso umemvimba. "Debe zima. Nilikaa tangu alfajiri."

"Kwa nini alilimwaga?" aliuliza mwalimu.

Filomena alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamtoka. "Kwa sababu mie ndiye niliyetia maji kwenye pipa. Nilidhani nasaidia. Nilitaka kusema, mwalimu. Lakini nilisikia unavyomkaripia Mwanakombo, nikasema moyoni, nikifungua mdomo nimekwisha."

"Na ukaacha niitwe mwizi siku tatu," alisema Mwanakombo. "Na mama yangu."

"Ndiyo," alisema Filomena.

Mwalimu alikaa juu ya gogo kama mtu aliyechoka. Kisha akainuka, maana saa zilikuwa zinakwenda. "Tuna chumvi stoo. Mwanakombo, shika mwiko."

Mwanakombo hakusogea. "Umenitoa bandani, mwalimu."

Wanafunzi walitazamana. Hakuna aliyewahi kumjibu mwalimu hivyo. Mama Mwajabu naye hakumkemea mwanawe.

Mwalimu Revelian alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Nilikutoa bila haki," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Nilikosea kwako, na nilikosea kwa mama yako. Nakuomba urudi."

Mwanakombo akaushika mwiko.

Mama Mwajabu alikwenda kumwita Mzee Gregori, naye alikuja akasimama kando ya pipa, akisema, "Punguza moto," na "Sasa chumvi," na "Bado, bado." Walipokezana watu wanne wanne, Filomena akiwa mmoja wao. Sabuni iligoma mpaka adhuhuri. Baada ya hapo mabonge yakaanza kuachana, na kabla ya saa nane utepe wa kwanza ulishuka kutoka kwenye mwiko. Bwana Afya alipofika alikuta kalibu zimejaa sabuni ya moto isiyoweza kukatwa. Alinung'unika, lakini alirudi Jumanne, akaondoka na vipande mia mbili na kumi.

Jumatano Mwalimu Revelian aliingia darasani na kitabu kinene cha chuo alichokitoa kwenye sanduku lake. Alisema hakulala vizuri mpaka alipoipata sababu.

"Sabuni imejengwa kwa molekuli," alianza, "yaani chembe ndogo mno ambazo macho hayazioni. Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji. Katika ile sabuni laini, zinajipanga ubavu kwa ubavu, mikia ndani, vichwa nje, zikawa matabaka. Katikati ya tabaka na tabaka kuna maji kidogo. Fikirini rundo la kanga zilizokunjwa. Ukilisukuma, kanga ya juu inateleza juu ya ya chini. Ndiyo maana sabuni ile inashuka kama utepe."

Aliandika ubaoni: fuwele oevu. "Fuwele ni kitu ambacho chembe zake zimepangwa, kama chumvi. Kitu oevu kinatiririka, kama maji. Hii inatiririka na bado imepangwa, kwa hiyo inaitwa kwa majina yote mawili. Wataalamu wa Ulaya wanauita mpangilio huu wa matabaka smektiki. Neno lenyewe ni la Kigiriki, linahusu kusafisha, kama sabuni inavyosafisha. Na wameugawa tena. Molekuli zikisimama wima ndani ya tabaka wanauita smektiki A, zikiinama wanauita smektiki C. Zikielekea upande mmoja bila matabaka, wanauita nematiki, kutokana na neno la uzi."

"Na ile iliyogoma?" aliuliza Mwanakombo.

"Maji yalipoongezeka, matabaka yalivunjika. Molekuli zikajikunja zikawa fimbo ndefu, mikia ndani, vichwa nje, na fimbo zile zikabanana, kila moja imezungukwa na sita. Fimbo zilizobanana hivyo haziteleziani kama kanga. Chumvi ilivinyang'anya vichwa sehemu ya maji, na matabaka yakarudi. Kitabu kinaupa mpangilio huu jina la Kiingereza tu. Kwa Kiswahili sikuliona neno, na nyinyi mnasoma kwa Kiswahili. Tutauitaje?"

"Sabuni ya unga," alisema Romani, akatazama pembeni kutafuta wa kucheka naye.

Mwanakombo alisimama. "Hakuna unga ndani yake. Ukiupa jina hilo, kesho sabuni ikigoma kwenye shule nyingine, watamtafuta mwenye unga wampe adhabu. Kwa jina hilohilo tu."

Romani aliinamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

"Ni kweli," alisema mwalimu. "Jina baya ni kama shahidi wa uongo. Wewe ungeuitaje?"

Mwanakombo alifikiri. "Fimbo nyingi zimefungwa pamoja, mwalimu, hilo ni tita. Tita la kuni. Ile ya kwanza ni mpangilio wa matabaka. Hii ni mpangilio wa tita."

Mwalimu aliandika majina yote mawili ubaoni, kwa herufi kubwa, na kila mwanafunzi akayanakili.

Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya shule, Mwanakombo alijaza debe bombani na kulipeleka kwa akina Filomena. Filomena alitoka nje na mtoto mgongoni.

"Debe la nini?" aliuliza.

"La Jumamosi. Na kesho nitaleta jingine. Kukasirika nilikuwa na haki, kukumwagia sikuwa nayo."

"Mie sina cha kukurudishia," alisema Filomena. "Siku tatu zile siwezi kuzirudisha."

"Huwezi," alisema Mwanakombo. Alilitua debe mlangoni, akaenda zake. Hawakukumbatiana, wala urafiki haukuanza siku hiyo.

Ijumaa, kwenye mstari wa asubuhi, Mwalimu Revelian aliomba kusema. Mama Mwajabu alikuwa amealikwa, naye alisimama kando ya walimu, kanga imefungwa barabara.

"Wiki iliyopita," alisema mwalimu, "nilimhukumu mtoto kwa jambo nililodhani nalijua. Nilimwuliza habari za uji, nikaacha kuiuliza sabuni. Mwalimu wa sayansi asiyepima anafanya kazi ya mbea. Filomena alisema uongo kwa woga. Uongo ule ni wake, lakini woga nilimpa mimi, na kuanzia leo atakayekosea bandani aje aniambie, nitamsikiliza kabla sijapandisha sauti. Mwanakombo alikasirika. Nisingependa mtu amwambie kwamba hakupaswa kukasirika. Lakini hasira yake ilifanya kazi mbili. Siku moja ilimwaga maji ya mwenzake, na maji yale hayakumsaidia mtu. Siku ya pili ilikaa mbele ya jiko, ikapima kijiko kwa kijiko mpaka ukweli ukasimama mbele yetu sote. Nyote mtakasirika maishani mwenu, kwa sababu mtaonewa. Ikifika siku hiyo, fanyeni kama alivyofanya siku ya pili."

Kisha akamgeukia Mama Mwajabu, akamwomba radhi kwa jina lake, mbele ya shule nzima. Mama aliitikia kwa kichwa.

Wanafunzi walipiga makofi. Mwanakombo hakupiga. Hasira ilikuwa bado imo kifuani, ila imepungua, imekuwa ya kiasi ambacho mtu anaweza kuingia nacho darasani. Kengele ikalia, naye akaingia na wenzake kwenye somo la hesabu.